Mheshimiwa Kushoto na Mheshimiwa Kulia

Kila Jumatatu saa tatu kamili asubuhi simu ya Verna Tolliver ililia, na kila Jumatatu Verna aliiacha ilie mara mbili kabla ya kuinyanyua. Si kwa maringo. Alikuwa anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi.

"Bodi ya Rufaa za Watumishi, habari za asubuhi."

"Mmepata mwenzenu?"

"Bado, mama."

"Hata wa kuazima?"

"Hawaazimwi, mama. Wangekuwa wanaazimwa ningemchukua mzee anayeuza magazeti hapo chini. Ana miwani mizuri."

Bibi Oleta Pruitt alicheka kule kwao Arkansas, jikoni kwake, kicheko cha bibi wa miaka themanini na moja ambaye meno ameyaacha kwenye glasi. Verna akajua kinachofuata.

"Sasa niambie, binti yangu. Faili la Doyle limefika wapi?"

"Liko kwenye sanduku, mama. Salama. Halijaloa, halijaliwa na panya."

"Nilikuwa na wasiwasi na panya," akasema Bibi Oleta. "Haya. Jumatatu."

Akakata.

Verna alikuwa na miaka thelathini na moja katika Bodi ile, katika jengo la mawe ya kijivu nyuma ya kituo cha treni cha Washington, ghorofa ya tano, lifti ya kushoto maana ya kulia ilikuwa na tabia zake. Watumishi wa serikali waliofukuzwa kazi, wakiona wameonewa, walikata rufaa pale. Bodi ilikuwa na viti vitatu vya ngozi, na juu ya viti hivyo walipaswa kukaa wajumbe watatu walioteuliwa na Rais na kukubaliwa na Seneti. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sheria ya Bodi ilisema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: hukumu haitoki mpaka wajumbe wawili waweke sahihi.

Kwa miaka mitatu na kitu alikuwapo mmoja. Jina lake Harlan Meeks, mzee mrefu mwembamba kutoka Indiana, mjane, anayekula kila siku mkate wenye mayai yaliyopondwa na kuikunja ile karatasi ya mkate aitumie tena kesho. Wenzake wawili muda wao uliisha, wakaenda zao, na hakuna aliyeletwa mahali pao.

Mtu mwingine angekaa akasoma magazeti. Harlan Meeks alisoma mafaili. Alisoma kuanzia saa mbili asubuhi, akaandika uamuzi wake, Verna akauchapa, yeye akatia sahihi, wakautia kwenye bahasha ya buluu, wakaifunga, wakaibana juu ya faili, na faili likaingia sandukuni. Siku akija mjumbe wa pili, naye atasoma, bahasha zitafunguliwa, na hukumu walizokubaliana zitapigwa muhuri. Mpaka siku hiyo, kilichomo ndani ya bahasha ni siri. Masanduku yalijaza chumba cha mikutano, yakatoka kwenye ujia, yakaingia chumba cha kahawa, hata mtu akitaka kwenda msalani ilibidi apite ubavu kama kaa.

Kila asubuhi Harlan alipoketi kwenye kiti cha katikati alisalimia huku na huku.

"Mheshimiwa Kushoto. Mheshimiwa Kulia. Mmeamkaje?"

"Wameamka vizuri," Verna alimjibu, akimwekea kahawa. "Mheshimiwa Kulia alikoroma kidogo."

"Jana amenipinga siku nzima. Sijapata kuona mtu mkaidi namna ile. Hanijibu hata neno."

Walicheka. Mwaka wa kwanza walicheka kweli. Mwaka wa tatu walicheka kama watu wanaofunga mlango kila jioni, kwa sababu lazima ufungwe.

Faili la Doyle Pruitt lilikuwa namba mia mbili na sita. Doyle, mumewe Bibi Oleta, alikuwa mlinzi wa lango la mtoni, lango lile linalopandisha na kushusha matishari ya mizigo ili yapite penye maporomoko. Aliona ufa kwenye bawaba ya lango, akauandika kwenye daftari la zamu. Wakubwa wake wakasema hakuna ufa, ameghushi daftari kwa chuki, wakamfukuza. Miezi minane baadaye lango likatoka kwenye bawaba lenyewe mchana kweupe. Hakuna aliyekufa ila bata wachache. Lakini hukumu ya kughushi haikufutwa, maana wa kuifuta ni Bodi, na Doyle akafa akisubiri, ameshika rimoti ya televisheni.

Bibi Oleta hakutaka kitu kikubwa. Pale langoni kuna ubao wa mbao ya mwaloni wenye majina ya walinzi wote tangu lango lilipojengwa, yameandikwa kwa rangi nyeupe, hamsini na mawili. Jina la Doyle walilipaka rangi ya kahawia. Bibi Oleta alitaka lirudi, naye kabla hajafa alione. Msimamizi wa lango alimwambia, kwa adabu zote, "Mama, niletee karatasi ya Bodi, nitaliandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu." Ndiyo karatasi aliyoitafuta kila Jumatatu.

Na Verna alijua bahasha ya namba mia mbili na sita ilikuwa na nini, kwa sababu aliichapa yeye. Mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema: *Mlinzi huyu aliandika alichokiona. Hakusema uongo.*

Bibi Oleta hakuwa mwanamke wa kukaa na simu tu. Mwaka uliopita alimwomba mkutubi wa mji wao orodha ya wakubwa wa nchi, nani yuko kiti gani, akaibandika kwenye mlango wa jokofu na kuanza kuwaandikia mmoja baada ya mwingine, kalamu na karatasi yenye mistari.

"Rais kanijibu," alimwambia Verna Jumatatu moja. "Barua nzuri, karatasi nzito. Ananishukuru kwa maoni yangu kuhusu kilimo. Kaniwekea na picha yake na mbwa."

"Ulimwandikia kuhusu kilimo?"

"Neno kilimo sijaliandika tangu nimalize shule. Lakini mbwa ni mzuri."

Makamu wa Rais alijibu baada ya miezi miwili. Alieleza kwamba ni kweli yeye ndiye mkuu wa Seneti, ila hapigi kura mpaka maseneta wafungane nusu kwa nusu.

"Kumbe ni kama Doyle jikoni kwangu," akasema Bibi Oleta. "Kiti anacho, sufuria hana."

Kiongozi wa walio wengi katika Seneti, ambaye ndiye haswa anayeamua jambo gani lisomwe ukumbini na lipi likae kabatini, alimletea fomu ya kuomba kutembezwa ndani ya jengo. Jaji Mkuu hakujibu kabisa, na Bibi Oleta alimheshimu kwa hilo. Spika wa Baraza la Wawakilishi alisema baraza lake halina mkono katika uteuzi, akaipeleka barua kwa mbunge wa kwao, mbunge akaipeleka wizara fulani, wizara ikaipeleka mahali panapohusika. Siku moja Verna akafungua bahasha kubwa yenye mihuri sita, ndani akaikuta barua ya Bibi Oleta Pruitt, karatasi yenye mistari, na juu yake maagizo: *Mjibuni mwananchi huyu ndani ya siku thelathini.*

Verna akaitazama. Akaandika: *Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa.* Akatia sahihi. Alipomaliza alikwenda akasimama chooni kidogo, bila haja yoyote.

Sasa hesabu ya siku. Muda wa Harlan Meeks wenyewe ulikuwa umekwisha mwaka jana. Sheria ilimpa mwaka mmoja wa nyongeza akae akingoja mrithi, na mwaka huo ungeisha Ijumaa ya mwisho ya Februari, saa sita mchana. Akiondoka kabla ya mwenzake kuingia, kura zake zote zinakufa. Kura ya mtu asiye na kiti si kura. Bahasha elfu moja mia tisa na kumi na moja, kila moja jina la mtu, zitakuwa karatasi ya buluu tu.

Wiki ya pili ya Februari zikaja habari. Kamati ya Seneti imepitisha majina mawili: mwalimu wa sheria kutoka Ohio, na jaji mstaafu wa kike kutoka Nevada. Kilichobaki ni Seneti nzima.

Harlan Meeks alipiga mluzi. Verna hakujua kwamba mzee yule anaweza kupiga mluzi. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi viti viwili, mikononi, mgongoni, hata miguuni.

"Mheshimiwa Kushoto, samahani, naomba uinuke kidogo," akasema. "Kuna mwenyewe anakuja."

Verna alichukua muhuri kwenye droo. Ulikuwa na neno IMETOLEWA na vijigurudumu vya tarehe. Akazungusha gurudumu la mwaka, likafika mwisho: muhuri ule ulitengenezewa miaka kumi, na mwaka wa kumi ulikuwa umepita zamani bila kugonga kitu. Akaagiza mwingine. Ulifika Jumatano ndani ya kisanduku, unanuka mpira mpya, na Verna alijifungia akaujaribu kwenye kiganja chake mwenyewe.

Jumatatu alimwambia Bibi Oleta habari za majina mawili, jambo ambalo si siri maana lilikuwa gazetini.

"Kwa hiyo hii wiki?"

"Wiki hii au ijayo, mama. Inatakiwa tu wasimame wayasome."

"Kusoma majina mawili kunachukua muda gani?"

"Dakika moja."

"Hebu subiri nikae chini," akasema Bibi Oleta, na Verna akasikia kiti kikivutwa.

Ijumaa ya wiki hiyo ndipo seneta wa samaki alipojitokeza.

Lazima ieleweke jinsi wale watu wanavyofanya. Jina kubwa, kama waziri au jaji wa mahakama ya juu kabisa, hupigiwa kura ya wote na televisheni zote zikitazama. Jina dogo hupita kwa ukimya. Seneta mmoja husimama na kusema, naomba hawa wapite bila kura, kuna anayepinga? Wote wakinyamaza, wamepita, kwa muda wa kumenya yai. Lakini mmoja, mmoja tu kati ya mia, akisema "napinga", majina yanarudi kwenye rafu. Kiongozi wa walio wengi anaweza kulazimisha kura, ila hiyo inakula siku nzima za ukumbi, na nani atakula siku kwa ajili ya Bodi ya ghorofa ya tano?

Basi kulikuwa na seneta wa jimbo moja la milimani. Idara fulani ilifunga kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki kwao, naye akakasirika, akatangaza kwamba hakuna jina litakalopita kwa ukimya mpaka kituo kifunguliwe. Majina yote. La balozi, la msimamizi wa hali ya hewa, na yale mawili ya Bodi.

Verna alipiga simu katika ofisi ya kamati. Akapokea msichana mwenye sauti ya usingizi.

"Dada, naomba unisaidie. Sisi na samaki tunahusiana wapi?"

"Hamhusiani, mama. Ndiyo maana anawashika nyie. Angewashika wanaohusika, wangemjia juu."

"Na nani anaweza kumwambia aachie?"

"Kiongozi wa walio wengi."

"Amemwambia?"

"Hawasalimiani tangu Novemba."

"Rais je?"

"Rais anaweza kumpigia simu, ila Rais wakati huu anamhitaji kwa jambo jingine, kwa hiyo hamtaki akasirike." Msichana akapiga mwayo. "Samahani, mama. Mimi mwenyewe bosi wangu ni kaimu."

Jumatatu ya mwisho Verna hakuiacha simu ilie mara mbili.

"Nimempigia," alianza Bibi Oleta kabla ya salamu.

"Nani?"

"Mtu wa samaki. Nimeisoma gazetini. Akapokea kijana wake, nikamwambia, mwambie bosi wako mimi nimekaa mtoni miaka themanini na moja, samaki nawajua kwa majina. Samaki hawahitaji seneta. Wanahitaji maji."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza naishi jimbo gani. Nikasema Arkansas. Akasema basi niwapigie maseneta wa kwetu. Nikawapigia wote wawili. Wote wawili wanamheshimu sana mwenzao." Akakohoa. "Heshima waliyonayo hawa watu, binti yangu, ingetosha kuendesha kinu."

"Bado siku nne, mama."

"Nakuamini. Wewe hujawahi kunidanganya."

Ijumaa Harlan Meeks alikuja na tai yenye bata, ile aliyonunuliwa na marehemu mkewe na ambayo huvaliwa siku za harusi tu. Waliweka televisheni ndogo juu ya masanduku. Saa tano na dakika ishirini seneta mmoja mnene, mwenyekiti wa kamati, alisimama katika ukumbi ambao robo tatu yake ulikuwa mtupu, akasoma majina yale mawili vibaya, akaomba yapite bila kura.

"Kuna anayepinga?" akauliza aliyekalia kiti cha mbele.

Verna alisikia jokofu la chumba cha kahawa likiguna. Muhuri mpya ulikuwa mkononi mwake, ameuzungusha mpaka tarehe ya siku ile. Alipanga namba mia mbili na sita iwe ya kwanza. Mwalimu wa Ohio alikuwa mjini, amelala hoteli ya jirani tangu jana, na Biblia ya kuapia ameibeba mwenyewe. Faili la Doyle lilikuwa jembamba, la kusomwa kwa robo saa. Ingewezekana. Kwa mbio, kwa jasho, ingewezekana.

Kwenye televisheni mtu mdogo wa nywele nyeupe akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Napinga."

Akaketi. Hakuwa hata na hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari kwenye kahawa.

Wakaendelea na jambo jingine, jina la ofisi ya posta.

Harlan Meeks akavuta faili lililokuwa wazi mbele yake, akavaa miwani.

"Unafanya nini?" akauliza Verna.

"Nasoma."

"Harlan, zimebaki dakika thelathini na tano."

"Nimefika ukurasa wa sabini na mbili. Nataka kujua kama kweli alimpiga mkaguzi na mwavuli."

"Kusudi iwe nini?"

"Kusudi nijue, Verna. Mtu ameandika kurasa mia. Angalau mmoja azimalize."

Akasoma. Verna hakuwa na la kufanya ila kusimama. Saa sita kasoro dakika tano Harlan aliandika uamuzi kwa mkono, akatia sahihi, akatia kwenye bahasha ya buluu, akailamba. Elfu moja mia tisa na kumi na mbili.

"Alimpiga," akasema. "Lakini ule mwavuli ulikuwa wa mkaguzi. Nimemhurumia."

Saa sita juu ya alama aliingia Bi Kessler, mwanasheria wa Bodi, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, ameshika fomu. Harlan akampa funguo na kitambulisho. Akabaki na ile karatasi ya mkate, ameikunja vizuri, hajui aitie wapi.

"Waheshimiwa," akaviambia viti, "kikao kimeahirishwa." Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Verna. "Miaka mitatu nimepiga kura na fanicha."

"Ile ya Doyle Pruitt," Verna akaanza, "huwezi walau..."

"Mimi sasa hivi ni mtu wa njiani. Neno langu ni sawa na la muuza magazeti." Akaitia ile karatasi mfukoni. "Na yeye miwani yake ni mizuri zaidi."

Akapita ubavu katikati ya masanduku, akaingia lifti ya kulia kwa kusahau, na Verna alimsikia amekwama humo robo saa nzima mpaka mafundi walipokuja.

Bi Kessler alingoja mpaka lifti ilipotulia.

"Bi Verna, kuna jambo jingine, na naomba usinichukie. Zile bahasha. Wajumbe wapya wakija, hawatakiwi kuathiriwa na maoni ya mtu ambaye hakuwa na mamlaka. Zibanduliwe zote, zipitishwe kwenye mashine. Kisha mimi na wewe tunasaini kwamba ni elfu moja mia tisa na kumi na mbili, hakuna iliyobaki."

"Wajumbe gani wapya?"

"Wakija."

"Zote?"

"Sikuitunga mimi sheria, Bi Verna."

"Najua, mwanangu. Hakuna aliyeitunga. Nimefanya kazi hapa miaka thelathini na moja sijakutana naye."

Mashine ya kuchana karatasi ililetwa kwenye toroli, kubwa kama jiko, yenye ngurumo. Verna alichana Ijumaa mchana kutwa. Jumatatu alifika saa moja asubuhi akaendelea. Alikuwa anasoma jina juu ya kila bahasha kabla ya kuitumbukiza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na ilimchelewesha. Vipande vya buluu vikajaa kwenye mifuko, vikamwagika, vikashikamana na soksi zake. Namba mia mbili na sita aliiweka chini ya simu.

Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kutoa siri hata moja, si kwa mumewe, si kwa padri. Leo aliamua. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha msalani: *Alishinda, mama. Bwana Meeks aliandika kwamba hakusema uongo.* Maneno yalitoka vizuri. Wangemfukuza, basi wamfukuze. Na akikata rufaa, angekata wapi? Hilo lilimchekesha peke yake, mbele ya kioo.

Saa tatu kamili.

"Mmepata mwenzenu?"

"Mama," akasema Verna, "sasa hatuna hata yule mmoja."

Huko jikoni Arkansas saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Aliisikia.

"Yule mzee wa mayai?"

"Muda wake uliisha Ijumaa."

"Na vyote alivyoandika?"

"Havihesabiki."

"Aliandika kuhusu Doyle?"

"Aliandika."

"Na wewe unajua alichoandika."

"Niliichapa kwa vidole vyangu hivi." Verna alivuta pumzi. "Mama, nisikilize, nataka nikuambie..."

"Nyamaza!"

Verna akanyamaza.

"Usithubutu," akasema Bibi Oleta, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Ukiniambia alishinda, nitachukua brashi na rangi niende pale langoni nikaliandike jina mwenyewe, na watanitoa kwa mkono kama kichaa, na watakuwa na haki, kwa sababu karatasi sina. Ukiniambia alishindwa, kitandani kwake nitalala vipi? Kusubiri nimeshakuzoea, binti yangu. Kujua sijawahi. Kwa umri huu usinianzishie."

"Lakini mama, pengine ni jambo ambalo..."

"Usiseme pengine. Sauti yako naijua, itakusaliti. Ongea mengine."

Verna alitafuta mengine. Neno alilolifanyia mazoezi lilikuwa mdomoni bado, limekaa kama peremende isiyoyeyuka. Bi Kessler alikuwa mlangoni na fomu, ameinua nyusi, na Verna, bila kujua afanye nini na mikono yake, alitumbukiza bahasha mbili tatu zilizokuwa zimesalia juu ya rundo. Mashine ikanguruma.

"Nini hiyo inayolia?" akauliza Bibi Oleta.

Verna akaitazama mashine.

"Kahawa, mama. Tunasaga kahawa."

"Kahawa gani hiyo? Mnasaga magogo?"

"Ya serikali. Ni ngumu."

Bibi Oleta akacheka, kicheko chake kilekile, ila kifupi.

"Basi ninywee na mimi kikombe. Bila sukari. Jumatatu nitakupigia."

"Nitapokea."

"Wewe hujawahi kunidanganya," akasema Bibi Oleta, akakata.

Verna alibaki ameshika simu. Mbele yake viti vilikuwa vitatu, na Mheshimiwa wa katikati alikuwa ameshaanza kufanana na wenzake.

"Zimetimia?" akauliza Bi Kessler kwa upole.

"Imebaki moja."

Akainua simu, akaitoa bahasha chini yake. Akasoma jina, ingawa alilijua. Akaitumbukiza mwenyewe. Mashine haikunguruma hata kidogo. Karatasi moja hailii sana.